Nina shahada ya uhasibu, nimepata kazi ya 350,000 duka la jumla Mwanza. Nikubali? Na malengo ya miaka 5 niyapangeje?

Mhitimu_Nyegezi ameandika:

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni.

Nina miaka 26, shahada ya Uhasibu na Fedha, GPA 3.4, nimehitimu 2023. Nakaa Nyegezi kwa mjomba. CPA (cheti cha kitaaluma cha uhasibu) sijaanza. Ekseli naijua ya kawaida, Tally (programu ya hesabu) niliisoma chuoni tu. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu ninao.

Kuna mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi hapa mjini anatafuta mtu wa "hesabu na kaunta", Jumatatu mpaka Jumamosi, 350,000 kwa mwezi. Upande wa serikali, kila tangazo la Mhasibu Daraja la II likitoka naomba, ila kwenye usaili siitwi. Lengo langu ni kuwa Meneja wa Fedha wa kampuni kubwa ndani ya miaka 5. Mjomba anasema nifungue tu uwakala wa miamala, hayo mengine ni ndoto.

Naomba kujua: (1) hii kazi niichukue au itanishusha? (2) serikalini nakosea wapi? (3) lengo la miaka 5 linawezekana au nijirekebishe?

---

Mama_Urari:

Mwanangu marahaba. Nianze na swali la pili, maana jibu lake liko kwenye jina la kazi unayoomba.

Katika miundo ya utumishi wa umma, Mhasibu Daraja la II anatakiwa awe na shahada ya uhasibu au fedha PAMOJA NA CPA(T) au sifa inayolingana nayo inayotambuliwa na NBAA, yaani bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi. Wewe huna. Kwa hiyo ombi lako linaondolewa kwenye uchambuzi wa awali, kabla mtu hajaangalia GPA wala barua yako. Kada inayokuhusu kwa sasa ni Afisa Hesabu Daraja la II, ambayo inachukua wenye shahada au stashahada ya juu bila CPA. Majina yanafanana, watu wanayachanganya, halafu wanaondoka wakiamini kuna mkono wa mtu. Angalia pia Mkaguzi wa Ndani na nafasi za mapato kwenye halmashauri, ila usome sifa mstari kwa mstari. Palipoandikwa "na" kabla ya CPA, ina maana lazima uwe nayo. Palipoandikwa "au", omba.

Sasa tuje kwenye Ajira Portal yenyewe, ule mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi za serikali. Makosa yanayowaangusha wenye sifa ni madogo na yanajirudia. Mtu anaweka hati ya matokeo, yaani ile karatasi ya matokeo, badala ya cheti. Matangazo yanasema wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi. Vyeti havijathibitishwa na wakili. Cheti cha kuzaliwa kimesahaulika. Barua ya maombi haina sahihi, au imeandikiwa taasisi nyingine kwa sababu ilinakiliwa kutoka ombi la mwezi uliopita. Na kubwa kuliko yote ni majina: kidato cha nne unaitwa majina mawili, chuoni matatu, kitambulisho cha taifa (NIDA) herufi moja imebadilika. Hilo unalimaliza kwa hati ya kisheria ya kubadili au kuthibitisha jina, unaiambatisha mara moja na inabaki kwenye akaunti yako.

Hakikisha sehemu ya makazi imeandikwa Mwanza, maana usaili wa mchujo wa kada nyingi siku hizi unafanyika mikoani, na ukiacha mkoa wa chuo unaweza kujikuta unatakiwa huko. Ukiitwa, ingia kwenye akaunti unakili namba ya mtihani, na uende na vyeti halisi na kitambulisho.

Serikali iwe njia moja tu kati ya njia zako. Usikae umeiwekea maisha yako yote.

---

Afisa_Ajira_Kanda:

Naongezea kwenye swali la kwanza, kwa upande wa sekta binafsi.

Kabla ya kusema 350,000 ni ndogo au inatosha, ijue itakayofika mkononi. Ukiajiriwa rasmi, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ya kwako ni 10%, yaani 35,000. Inabaki 315,000 ya kukokotolewa kodi. Inayozidi 270,000 inatozwa 8%, hivyo PAYE, yaani kodi ya mshahara, ni 3,600. Bodi ya Mikopo inachukua 15%, yaani 52,500. Mkononi unabaki na 258,900. Kama unapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi kwa 600 kila moja, ni 2,400 kwa siku, kwa siku 26 ni 62,400. Chakula cha mchana cha 2,000 ni 52,000 nyingine. Umebaki na 144,500, na hujalipa kodi ya nyumba kwa sababu uko kwa mjomba.

Lengo la kweli linaanzia hapo. Ukiwa kwa mjomba kazi hii inabebeka. Ukipanga chumba, inakuwa kazi ya kukutia madeni.

Linganisha na kazi ya 700,000: NSSF 70,000, inayotozwa kodi 630,000, PAYE 42,000 (yaani 20,000 jumlisha 20% ya 110,000 iliyozidi 520,000), Bodi 105,000. Mkononi 483,000. Mshahara umepanda mara mbili, mkononi umekaribia mara mbili lakini haujafika. Ukijua kukokotoa hivi, siku ukiulizwa "unahitaji kiasi gani?" hutataja namba ya kubahatisha.

Swali ninalotaka umuulize huyo bosi siyo la mshahara. Muulize: "Nani anafunga hesabu za mwezi?" Akisema yuko mhasibu wa nje anakuja kuchukua risiti na kupeleka ritani (taarifa za kodi) Mamlaka ya Mapato, TRA, basi wewe ni mtu wa kaunta, na baada ya mwaka mmoja CV yako itasomeka "keshia". Akikubali kwamba wewe ndiye utaandaa daftari la fedha, orodha ya wadaiwa na wadai, usuluhisho wa benki (kulinganisha daftari na taarifa ya benki), ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) inayotakiwa kufika tarehe 20 ya mwezi unaofuata na PAYE ya tarehe 7, halafu mhasibu wa nje anakagua tu, hapo umepata darasa unalolipwa kukaa. Chukua, hata kwa hiyo 350,000.

Na mkataba uandikwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi: cheo, mahali, saa, mshahara. Saa za kawaida mwisho wake ni 45 kwa wiki. Likizo ni siku 28 kwa mwaka. Kwenye cheo pigania neno "Mhasibu Msaidizi". Halimgharimu chochote, wewe litakusaidia miaka kumi.

---

Leja_Kuu:

Mimi napingana kidogo na mkuu hapo juu. Duka la jumla lina hatari ambayo wahitimu hawaioni mpaka iwapate. Atakabidhiwa droo na stoo kwa pamoja. Mtu mmoja akishika pesa, bidhaa na daftari, kila upungufu ni wake, na hana namna ya kujitetea. Kama hawezi kupata mgawanyo wa kazi, bora aende ofisi ya ukaguzi kwa posho ndogo.

Mdogo wangu, ofisi za ukaguzi zina msimu. Kampuni nyingi binafsi zinafunga mwaka Desemba 31, na ritani ya kodi ya mapato ya mwaka inatakiwa ndani ya miezi 6, yaani mwisho wa Juni. Kwa hiyo kuanzia Februari mpaka Juni ofisi hizo zinaelemewa na kazi, na wanahitaji vijana wa kuhesabu stoo, kukagua vocha na kupanga mafaili. Barua peleka Novemba na Desemba, kwa mkono, kwenye ofisi ndogo zenye washirika wawili watatu. Ukipeleka Julai unakuta hawana kazi ya kukupa. Ndani ya msimu mmoja unaona vitabu vya biashara nyingi: shule, hospitali, kiwanda cha samaki, kampuni ya mabasi. Mtu wa duka moja anaona vitabu vya duka moja.

Kuhusu miaka 5. Meneja wa Fedha wa kampuni kubwa bila CPA, mimi sioni. Na CPA ina ratiba yake, haiendi kwa mwendo wa hamu yako. Vikao vikuu vya mitihani ya NBAA ni Mei na Novemba. Mwenye shahada ya uhasibu kwa kawaida anaanzia hatua ya kati, kisha hatua ya mwisho. Anayefanya kazi asijidanganye kubeba masomo yote ya hatua moja kwa mkupuo. Wengi wanaofeli wanafeli kwa sababu hiyo, siyo kwa ugumu wa somo. Gawa, mawili au matatu kwa kikao. Kwa mwendo huo weka miaka mitatu, na uache kikao kimoja cha akiba kwa ajili ya kurudia. Kabla ya kulipia, peleka nakala ya matokeo ya chuo NBAA wakuthibitishie unaanzia wapi na una misamaha gani.

Kwa hiyo lengo la miaka 5 mimi ningeliandika hivi: mwaka wa kwanza, kazi yoyote inayonifanya nifunge mwezi mwenyewe, mwaka wa pili, hatua ya kati imekwisha na nimehamia kazi yenye jina la mhasibu, mwaka wa nne, CPA, mwaka wa tano, mhasibu mwandamizi kwenye kampuni ya kati, au meneja wa fedha kwenye kampuni ndogo, shule kubwa au hospitali ya binafsi. Kampuni kubwa ije baadaye. Hapo hujapunguza ndoto, umeipa tarehe za kweli.

---

Mhitimu_Nyegezi:

Nashukuruni sana. Nimeongea na bosi. Amesema mhasibu wa nje yupo, ila yuko tayari nifunge mwezi mwenyewe halafu yule akague. Mkataba ataandika. Lakini kaunta na stoo pia nitashika, kijana wa stoo ni mmoja. Leja_Kuu amenitia hofu. Nafanyaje? Halafu amesema kabla ya kuanza atanipa "mtihani mdogo" wa hesabu za benki.

---

Mama_Urari:

Hofu hiyo ni nzuri, itumie. Leja_Kuu yuko sahihi kuhusu hatari, lakini hatari hii ina dawa yake, nayo ni karatasi.

Siku ya kwanza, kabla hujauza msumari mmoja, hesabuni stoo yote. Wewe, kijana wa stoo na bosi au mtu wake. Bidhaa, kipimo, idadi, sahihi tatu, kila mmoja anabaki na nakala. Kwenye vifaa vya ujenzi angalia kipimo hasa: nondo zinanunuliwa kwa tani zinauzwa kwa kipande, misumari inaingia kwa katoni inatoka kwa kilo, waya unaingia kwa roli unatoka kwa mita. Sehemu kubwa ya "wizi" wa stoo za namna hii ni vipimo viwili vilivyoandikwa kwenye safu moja. Weka safu mbili, na uandike roli moja ni mita ngapi.

Kila jioni jaza fomu ya kufunga siku. Salio la kuanzia, mauzo taslimu, mauzo kwa simu, makusanyo ya madeni, matumizi yaliyotoka na nani aliidhinisha, salio la kufungia, tofauti. Linganisha na ripoti ya siku ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Bosi akichukua 200,000 kwenye droo kwenda kulipa ada ya mtoto, iandikwe na atie sahihi, hata kama pesa ni zake. Hapo ndipo vijana wanapoumia, kwa sababu wanaona haya kumwomba tajiri sahihi. Omba siku ya kwanza, kwa heshima, kama utaratibu wa ofisi. Ukisubiri mwezi wa tatu ataona unamtuhumu.

Mzigo ukiingia, apokee kijana wa stoo, wewe uingize kwenye daftari kwa kufuata hati ya kupokelea yenye sahihi yake. Mgawanyo wa kazi kwa watu wawili ndio huo. Kila Jumamosi chagueni bidhaa kumi za gharama mhesabu, msisubiri mwisho wa mwaka.

Upungufu ukitokea, asikukate kiholela. Sheria inaruhusu makato ya hasara pale tu ambapo imethibitika ni kosa lako na umepewa nafasi ya kujieleza, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara. Hakikisha mkataba hauna kipengele cha "mfanyakazi atalipa upungufu wote".

Na jambo moja nalisema kwa uzito: ukiambiwa uuze bila risiti ya EFD, au uweke madaftari mawili, moja la TRA na moja la bosi, ondoka. Jina la mhasibu likichafuka kwenye mji wa ukubwa wa Mwanza, linakutangulia kila unakokwenda.

---

Afisa_Ajira_Kanda:

Kuhusu mtihani, mwajiri wa namna hii karibu kila mara anakupa taarifa ya benki na daftari la fedha, salio haziendani, anakuachia nusu saa. Tufanye mmoja hapa.

Daftari linasema 4,850,000. Benki inasema 5,310,000. Ukipitia mstari kwa mstari unakuta hundi ya 620,000 mliyompa msambazaji hajaipeleka benki, pesa ya jioni ya tarehe 31 kiasi cha 130,000 haijaingia kwenye taarifa, na benki imekata gharama 30,000 ambazo nyinyi hamkuziandika.

Upande wa benki: 5,310,000 toa 620,000 jumlisha 130,000, unapata 4,820,000. Upande wa daftari: 4,850,000 toa 30,000, unapata 4,820,000. Zimekutana.

Kosa la wengi ni kuanza na tofauti ya 460,000 na kuitafuta kama namba moja. Hutaipata, kwa sababu imetengenezwa na vitu vitatu. Anza kwa kutia alama vinavyofanana pande zote mbili, vitakavyobaki bila alama ndivyo jibu. Kosa la pili ni kurekebisha daftari kwa hundi ambayo haijawasilishwa. Hundi hiyo mlishaiandika, huigusi. Kinachoingizwa kwenye daftari ni zile 30,000 tu. Mwajiri anayejua anaangalia hapo.

Upande wa Ekseli, kabla ya kuanza kazi hakikisha unaweza SUMIFS, VLOOKUP au XLOOKUP, jedwali la pivoti, na kugandisha mstari wa juu. Tengeneza faili moja la mauzo ya kubuni lenye mistari mia tatu, utoe orodha ya wadaiwa kwa umri wa deni: siku 0 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, zaidi ya 90. Tajiri wa jumla analala akiwaza madeni. Mletee ripoti hiyo mwisho wa mwezi wa kwanza bila kuombwa, na mazungumzo ya mshahara mwezi wa sita yatakuwa mepesi.

Hapo hapo anza kuandika CV yako. Usiandike "nilihusika na masuala ya hesabu". Andika ulichofanya na kiasi chake: ulisuluhisha akaunti ngapi za benki, wadaiwa wangapi, ritani zipi na kila mwezi ziliingia kabla ya tarehe ngapi. Kurasa mbili zinatosha. Wadhamini wawe watatu waliokuona ukifanya kazi. Yule mhasibu wa nje anayekagua vitabu vyako awe mmoja wao, kwa hiyo vitabu vyake mpe safi tangu mwezi wa kwanza.

---

Wakala_Igoma:

Kwa mjomba, naye tusimpuuze. Uwakala ni biashara, ila faida yake inategemea mtaji uliolala pande mbili, taslimu na kwenye simu. Mtaji ukiwa mdogo, saa nne asubuhi umeishiwa upande mmoja na wateja unawarudisha. Kamisheni inapatikana kwa wingi wa miamala, na hiyo inataka eneo la stendi, soko au mwalo. Kama mtaji utakuwa wa kukopa na eneo ni mtaani ndani, usianze. Mwambie mjomba mhesabu pamoja: kodi ya fremu, mshahara wa binti wa kukaa pale, na miamala inayotarajiwa kwa siku. Hesabu itawaamulia.

Halafu angalizo kwa wote wanaotafuta kazi humu. Anayekuambia utume hela ya fomu, ya usaili au ya vipimo vya afya ili upate kazi, ni tapeli. Jina la kampuni litafute mtandaoni kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Namba ya simu ya tapeli itume kwenda 15040.

---

Leja_Kuu:

Kama bosi amekubali ufunge mwezi na ataandika mkataba, na ukafuata utaratibu wa Mama_Urari wa stoo na sahihi za kila jioni, basi naondoa pingamizi langu. Ichukue, ila kwa kikomo. Andika kwenye daftari lako: miezi 12. Ikifika mwezi wa tisa anza kutuma maombi ukiwa bado kazini, na barua za ofisi za ukaguzi zipelekwe Novemba kama nilivyosema. Usiache kazi kabla ya kupata barua nyingine yenye sahihi.

Kwenye ile 144,500 inayobaki, tenga 50,000 kila mwezi kwenye akaunti ambayo kadi yake unamwachia mjomba. Hiyo ni ya NBAA. Usajili wa watahiniwa unafungwa mapema kabla ya mtihani, na wengi wanakosa kikao cha Mei kwa sababu mwezi wa pili hela hawana. Anza na masomo mawili, moja la hesabu za fedha ambalo utakuwa unalifanya kazini kila siku, na moja la kodi, kwa sababu ritani zitakuwa mezani kwako. Somo la ukaguzi liache mpaka uguse ofisi ya ukaguzi.

Na leo jioni rudi kwenye Ajira Portal, badilisha mkoa wa makazi, pakia cheti cha kidato cha sita kilichothibitishwa na wakili, halafu tafuta Afisa Hesabu Daraja la II.